Starehe ya Kwenda Kuzika

Mwanvua alirudi kutoka shule saa nane mchana, akavua viatu mlangoni ili visiishe haraka, akala ugali uliobaki, akaenda ziwani kuchota maji ndoo mbili. Alipokwisha kuyamimina mtungini ndipo kazi yake ya pili ilipoanza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita, na mtaani kwao Ilemela yeye ndiye aliyekuwa karani wa kila mtu. Anayetaka kumwandikia mjomba aliyeko Musoma alimjia yeye. Anayetaka kusomewa barua alimjia yeye. Hakuna aliyemwuliza kama amechoka.

Ulikuwa mwaka 1960. Mjini Mwanza watu walizungumza habari za Uhuru kuanzia sokoni mpaka bandarini. Nyumbani kwa kina Mwanvua walizungumza habari za fomu ya bima.

Baba yake, Bilali, alikuwa fundi seremala. Kwa miaka mingi alimfanyia kazi Mzungu mmoja mpima ardhi, na huyo bwana alipokwenda kwao moja kwa moja alimwachia mashua yake ndogo nyeupe. Haikuwa ya kuvulia wala ya kubebea mizigo; ilikuwa ya kutembelea tu. "Usiache kuilipia bima," alimwambia, na Bilali alilishika neno hilo kama mgonjwa anavyoshika dawa. Kila Jumapili alasiri aliwapakia mkewe na watoto, wakazunguka kwenye majabali, wakarudi kabla ya magharibi. Ilikuwa raha yao, na hawakuwa na nyingine.

Basi Alhamisi moja ya masika alifariki mama mkwe wa jirani yao Ngosha, ng'ambo ya ghuba. Bilali hakungoja kuombwa. Aliwavusha wafiwa sita na debe la unga, naye Mwanvua akiwa amekaa mbele. Wakati wa kurudi upepo uliwageuka, mashua ikabamizwa mwambani, ubavu ukapasuka. Watu wote walitoka salama, wamelowa chapachapa. Mashua ikavutwa mpaka ufukweni kwao, ikalazwa upande. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alikuja mara mbili kutaka kuinunua ili aivunjevunje. Bilali alimjibu kwamba bima wakikataa kulipa, aje aichukue.

Baba na mtoto walikwenda mjini kwa miguu, mwendo wa saa mbili, mpaka ofisi ya wakala wa bima. Karani, Bwana Chenge, aliwatazama kwa macho ya mtu aliyekosa usingizi.

"Shikamoo," Mwanvua alisema.

"Marahaba. Unajua kuandika? Andika wewe. Mimi leo nimejaza fomu kumi na saba, mkono umekufa ganzi."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Chenge alisoma swali, akalitafsiri, Bilali akajibu, Mwanvua akaandika. Jina, chombo, siku ya ajali, Alhamisi; walikwenda vizuri mpaka swali la tisa.

"Je, siku ya ajali chombo kilikuwa kikitumika kwa starehe?"

"Kwa kitu gani?" Bilali aliuliza.

"Starehe. Ndivyo wanavyouliza."

"Bwana Chenge, sisi tulikwenda kuzika!"

"Mimi sikuitunga hii fomu, mzee. Ndiyo au hapana?"

"Hapana! Mwanangu, andika hapana, tena kwa herufi kubwa. Watu wanalia, mimi nistarehe?"

Mwanvua aliandika HAPANA. Mahali pa maelezo palikuwa padogo, na Chenge aliwaambia wapaache tu. Bilali akatia sahihi yake.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu. Kwa kuwa chombo hakikuwa katika starehe, barua ilisema, basi kilikuwa kazini, na bima yake haikuhusu kazi. Bilali alimwambia Mwanvua asome mara ya pili. Kisha akaanza kukwaruza gundi iliyoganda kwenye vidole vyake. Alikuwa amechoka kabisa, na mtoto alimwonea huruma.

Alasiri hiyo Ngosha alikuja kuulizia. Aliposikia habari uso ulimshuka, maana aliona msiba wake ndio ulioponza mashua ya mwenzake.

"Wanataka starehe? Wapeni starehe!" alisema. "Waandikieni kwamba ilikuwa Jumapili, mlikuwa mnatembea. Nani atajua?"

"Mimi sina nguvu za kubishana na karatasi," Bilali alisema. "Mwanvua, andika barua nyingine, uwaombe watufikirie. Nikitoka msikitini nitatia sahihi." Akaondoka.

Mwanvua alikaa na kalamu. Alifikiria ile njia ya mjini na vumbi lake, na barua nyingine zitakazokataliwa, na yule mtu wa mbao na shoka lake. Akaandika. Jumapili, tulikuwa tunatembea. Tuliimba nyimbo. Tulikula maandazi. Kwenye maandazi alijua ametia chumvi, lakini hakufuta.

Baba yake hakujua kusoma herufi za Kizungu. Alijua zile za Kiarabu alizofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani.

"Umewaomba vizuri?"

"Vizuri, baba."

Bilali aliandika jina lake kwa Kiarabu, polepole, kwa mkono mzuri, bila kuuliza neno jingine. Usiku ule Mwanvua hakushika chakula.

Siku ya kumi alikuja mkaguzi wa bima, mtu mnene mwenye jasho, jina lake Bwana Malimi. Aliizunguka mashua, akapima ule ufa kwa futi, akaketi juu ya jiwe. Akatoa karatasi mbili mfukoni.

"Mzee Bilali, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na hii?"

"Yangu pia."

"Hii inasema Alhamisi. Hii inasema Jumapili, na nyimbo, na maandazi. Moja inadanganya. Nikipeleka zote mbili, madai yako yamekwisha, na jina lako litaandikwa pabaya."

Bilali alizitazama zile karatasi asizoweza kuzisoma. Kisha akamtazama binti yake, wala si kwa hasira. Alionekana kama mtu aliyepapasa ukuta wa nyumba yake gizani akaukosa. Mwanvua hakuweza kustahimili macho yale.

"Ni mimi," alisema huku akilia. "Baba hakujua. Jumapili ni uongo. Ilikuwa Alhamisi, tulikwenda kumzika mama mkwe wa Mzee Ngosha. Niliandika starehe kwa sababu ndiyo wanayoitaka."

Mkaguzi alijifuta jasho. "Mzee, hao wafiwa walikulipa nauli?"

"Nauli ya kwenda kuzika?" Bilali alikasirika waziwazi. "Kwenu mnatoza?"

"Na ule unga, ulikuwa wa kuuza?"

"Wa matanga!"

"Basi hiyo ndiyo starehe," Malimi alisema, akacheka kwa uchovu. "Kwa watu wa bima safari ni za namna mbili tu: ya kuchuma pesa, na isiyo ya kuchuma pesa. Hiyo ya pili wanaiita kwa neno lao, na Chenge akalitafsiri jinsi alivyoweza. Msiba wenu ulikuwa ndani ya bima tangu siku ya kwanza. Mngeeleza tu mlikokwenda, nisingefika hapa."

"Watu wasio na neno la safari ya msiba!" Bilali alinung'unika.

Malimi alimpa Mwanvua karatasi safi, akamwambia aandike upya, aombe radhi kwa ile barua ya pili. Aliandika palepale, karatasi ikiwa gotini. Safari hii baba yake hakushika kalamu mpaka aliposomewa kila neno, na Mwanvua aliona kwamba hiyo ndiyo adhabu yake.

Fidia ilikuja mwezi wa nane. Ilitosha mbao na misumari, rangi haikutosha. Yule mtu wa mbao akaambiwa asije tena.

Siku walipokuwa wakipigilia ubao wa mwisho, Mwanvua aliuliza, "Baba, bado umenikasirikia?"

"Nilichoka tu," alisema Bilali. "Sikiliza, mwanangu. Usipolielewa swali, uliza, hata kama karani amechoka na wewe umechoka. Mimi niliona haya kuuliza, nikajibu kwa hasira. Hilo ni kosa langu. Lakini wewe ulikuwa ndani ya mashua, uliona kwa macho yako. Asiyejua kusoma akikupa jina lake, amekupa kitu kikubwa kuliko mashua. Andika ulichokiona, basi."

"Ndiyo, baba."

"Sasa nenda kaniletee fomu ya bima ya mwaka ujao. Utanisomea yote, mpaka nukta ya mwisho, na tusilolielewa tutamwuliza Bwana Chenge."

Mwanvua alikwenda kuileta, akakaa chini karibu naye, akaanza kusoma.