Mipangilio ya Nyumbani kwa Mama

Jumatatu, asubuhi.

Chumba cha nyuma ya saluni. Komeo limefungwa. Ndani wanaume watatu wazima, na akili zao ukizijumlisha hazifiki za mmoja. Kidevu, mkubwa wao, alijiona jenerali. Jenerali gani, nguo bado anafuliwa na dada yake! Dereva alitafuna kijiti. Fundi, kitinda mimba wa mama mjane, alishika ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti.

"Sonara kaniita, intaneti ya nyumbani kwake nzito," Fundi alisema. "Kesho namfungia hii. Kamera zake zote zitapita humu. Keshokutwa wenyewe wakiwa dukani tunazizima, tunabeba dhahabu."

"Tunaificha wapi?" Dereva aliuliza.

"Kwa mama. Nani atamshuku mama?"

Mwana huyo! Kalelewa akaleleka.

"Basi ifunge hivyohivyo, na programu yake ya kiwandani," Kidevu alisema.

"Hiyo imefungwa, haiguswi. Tuweke mfumo huria. Wa bure, unaufumua utakavyo. Upo mmoja mzito, unataka kompyuta nzima. Huu mwepesi unaenea kwenye ruta ndogo. Ndio niliomwekea mama. Ila kuupanga ni siku mbili."

"Siku mbili? Unajenga ghorofa? Maliza leo, bwege wewe."

Fundi naye mvivu. Akanakili mipangilio yote ya ruta ya mama yake, akaibandika kwenye ya sonara. Akabadili jina la mtandao na neno la siri tu. Akajiona bingwa.

Jumatano, saa nane mchana.

Nyuma ya nyumba ya sonara.

"Zimeni simu," Kidevu aliamuru. "Ibaki yangu tu."

Simu yake ikaingia kwenye mipangilio ya ruta. Kamera zikafa. Dirisha likang'oka. Kabati likavunjwa. Mikufu na bangili, vyote mfukoni.

Dakika hiyohiyo, kwa mama yake Fundi, simu ililia: *Simu ngeni imeingia kwenye mipangilio ya ruta ya nyumbani.* Fundi ndiye aliyeutega ujumbe huo zamani, maana mama ni mtu wa hofu, anaishi peke yake. Sasa ulikuwa umenakiliwa kwenye ruta ya sonara pamoja na mengine, namba ya mama ikiwemo.

Mama akafunga milango. Akampigia mwanawe. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Akaita polisi.

Saa tisa kasoro.

Gari likakata kona ya kwa mama. Uani, polisi wawili walikuwa wakimtuliza mama. Dereva akakanyaga breki.

"Umetuuza!" Kidevu alifoka.

"Kaka, haki ya Mungu..."

"Shuka na mzigo wako!"

Teke. Fundi akaanguka vumbini, mfuko ukapasuka. Gari likatoweka. Ndio ujenerali wenyewe huo.

Mama akamkimbilia, akampangusa vumbi. "Afadhali umekuja, baba. Mwizi kaingia ndani, nakupigia hupatikani!"

Mguu wake ukakanyaga bangili.

Polisi akainama, akaiokota. "Mama, huyu ni nani wako?"

Mama akaitazama bangili. Akamtazama kitinda mimba wake. Mkono uliokuwa ukipangusa ukasimama.

"Nimemzaa mimi," akasema. "Na nyinyi nimewaita mimi."