Siku Nne Zisizo na Alama

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Lois alifagia uwanja, akawasha moto, kisha akaketi barazani na kalamu ya wino ya baba yake. Hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya watoto wote wa darasa la sita pale Newala. Kwa sababu hiyo kaka yake, Cuthbert, alimkabidhi kazi ya kunakili daftari lake la mahudhurio.

Mwaka ulikuwa 1951, na maji ya bomba yalikuwa hayajafika. Cuthbert alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza katika chuo cha theolojia. Dayosisi ilikuwa na nafasi moja tu ya ufadhili kwa miaka miwili iliyosalia, na wanachuo watatu waliiomba. Kila mmoja alitakiwa kufundisha wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, kwa wiki sita za likizo, na kuandika kila siku ni nani waliohudhuria. Baba yao, Mwalimu Cecil, alikuwa na watoto saba na mshahara mmoja. Alikwisha kusema waziwazi kwamba bila ufadhili huo Cuthbert asingerudi chuoni.

Ijumaa, Padri Reginald, msimamizi wa ufadhili, angefika kutoka Masasi. Kadiri siku hiyo ilivyokaribia ndivyo nyumba ilivyokosa utulivu. Cuthbert alitembea uwanjani huku na huko, akianza sala na kuisahau katikati. Mama yao, Helena, aliunguza ugali mara mbili katika wiki moja.

Jumatano Lois alifika katika ukurasa wa wiki ya nne. Majina kumi na moja ya watu wa Makote, kijiji alikofundisha Cuthbert, yalikuwapo, lakini siku nne hazikuwa na alama hata moja. Alimuuliza kaka yake sababu.

"Ziache wazi," Cuthbert alijibu bila kumtazama, akaondoka.

Lois aliutazama weupe ule kwa muda mrefu. Aliona jinsi Padri atakavyokunja uso, na jinsi nafasi itakavyokwenda kwa mwingine. Mkono wake ukatangulia akili yake: akatia alama katika siku zote nne, kwa majina yote kumi na moja. Jioni, Lois alipomaliza kurasa zilizobaki, Cuthbert alilifunga daftari katika bahasha bila kulipitia tena, na kesho yake akalipeleka kanisani.

Ijumaa asubuhi Lois aliteremka bondeni kuteka maji pamoja na Siti, binti wa jirani yao. Siti alikuwa na habari ya kuchekesha, na hakuweza kungoja wafike chini. Alisema kwamba wiki ile tangi la Makote lilipokauka, kijiji kizima kilihamia njia ya bondeni, na mama yake alimwona mwanamume amevaa kichwani kata, ile pete ya majani ya kuegemezea mtungi, amebeba maji kama wanawake, kwa kuwa njia ni nyembamba na mzega, ule mti wa begani wa kuning'inizia ndoo mbili, haupiti.

"Basi shangazi zangu wakamwita bibi harusi," Siti alisema huku akicheka. "Na unajua alikuwa nani? Kaka yako, yule padri wenu mtarajiwa."

Lois hakucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa wiki ya nne; kama kijiji kizima kilikuwa bondeni, nani alikuwa darasani siku zile? Alipanda mlima kwa haraka hata nusu ya maji ikammwagikia mgongoni. Alitua mtungi mlangoni, akaenda kanisani akiwa bado amelowa.

Padri Reginald alikuwa ameketi ofisini na Mwalimu Cecil na Cuthbert, na daftari lilikuwa wazi mbele yake.

"Shikamoo, Padri."

"Marahaba, binti. Mbona umelowa hivyo?"

"Padri, alama za wiki ya nne nilizitia mimi. Kaka aliniambia niache wazi. Hajui."

Mwalimu Cecil alisimama, akaketi tena. Cuthbert aliinamisha kichwa. Padri alimuuliza alikuwa wapi siku hizo nne, na kijana akaeleza kwa sauti ya chini kwamba Bibi Dominika na wazee wengine wawili walilala na kiu, ndipo akawabebea maji. Hakuandika kwa sababu aliona aibu kwamba mwanachuo wa theolojia alivaa kata.

Padri hakutoa uamuzi wowote. Kesho yake alikwenda Makote peke yake, akamuuliza Bibi Dominika.

"Mjukuu wangu yule hajui kubeba," bibi alijibu. "Nusu aliimwaga njiani. Lakini nusu iliyofika ndiyo niliyoinywa, baba."

Jumapili, baada ya ibada, Padri alimpa Cuthbert daftari mbele ya watu. Alama za uongo zilikuwa zimefutwa kwa mstari. Alimtaka aandike kwa mkono wake mwenyewe kilichotokea siku zile, kisha akisome kwa sauti. Cuthbert akasoma: "Hakukuwa na darasa. Nilibeba maji." Wanawake wa Makote walicheka, naye safari hii akatabasamu. Ndipo Padri akatangaza kwamba nafasi ya ufadhili ni yake.

Lois hakuachwa bila adhabu. Mwalimu Cecil alimnyang'anya kalamu ya wino hadi Pasaka. Padri aliwaita ndugu hao wawili kando, akasema nao bila ukali, lakini bila kulegeza neno.

"Lois, ulidhani kaka yako anahitaji uongo wako, na uongo huo ungempokonya nafasi hii. Nilikwisha kusikia habari za tangi lile kabla sijafungua daftari. Nawe, Cuthbert, ulificha kazi njema kwa kuogopa kuchekwa, ukamwachia mtoto nafasi ya kukosea. Andikeni mlichofanya kama mlivyokifanya. Mtu anayekwenda kufundisha watu kweli aanze na daftari lake."

Jumatatu Lois aliamka mapema, akafagia uwanja. Cuthbert alikuwa amekwisha kutoka kwenda Makote kuwaaga wakatekumeni wake, na ile kata ya majani, aliyoitundika nyuma ya mlango tangu Jumapili, haikuwapo.