Kijivu cha Manowari ya Babu

Rafiki yangu mmoja, fundi saa, alichonga kimanowari cha mbao, mfano wa manowari iliyozama na babu yake. Rangi ndiyo iliyomtoa jasho. Kila kijivu alichochanganya, kikiwa kibichi kilifanana na kibati kilichookolewa kutoka kwenye meli yenyewe, lakini kikikauka, kilikolea.

"Kijivu ni kijivu, baba watoto!" mkewe alimcheka jioni moja. "Nani atakuja kukukagua?"

Rafiki yangu akatupa brashi kwa hasira. "Basi njooni mpake wenyewe, nyie mabaharia mliozama nayo!"

Umeme ukakatika papo hapo. Gizani akasikia mezani kwaru, kwaru, kwaru, kama vibrashi vingi vidogo.

Taa ziliporudi, kimanowari kilikuwa na kijivu kile kile cha kibati, tena kikavu. Kutoka kwenye kopo hadi sitahani zilipanda nyayo za rangi, ndogo kama chembe za ufuta. Za kurudi hazikuwepo.