Wanaume wa Platea

Asimina hakuwa na baiskeli, hakuwa na simu, wala hakuwa na kaka wa kumtetea shuleni. Kila asubuhi alipanda basi la wanafunzi kutoka kijijini kwao Platea hadi mjini Thiva, ambako wenzake walimcheka kwa sababu nguo zake zilinuka jibini. Aliyavumilia yote, kwani alikuwa na jambo moja la kujivunia. Zamani, Waajemi waliposhuka pwani ya Marathoni kuwapiga Waathene, ni wanaume wa Platea peke yao waliokwenda kuwasaidia.

Mwaka huo ilitengenezwa filamu ya vita hivyo. Mshauri wake wa historia alikuwa mwalimu Stathis, baba wa ubatizo wa Asimina. Siku chache kabla ya Pasaka alimletea mshumaa wa Pasaka, kama ilivyo desturi ya baba wa ubatizo, akamwambia, "Wanaume wetu wamo. Nimesimamia mwenyewe." Asimina aliitangaza habari hiyo kwa darasa zima.

Kiangazi filamu ilionyeshwa katika sinema ya wazi ya Thiva. Asimina alikaa na bibi yake, Garifalia, wakitafuna mbegu za maboga; Stathis alikuwa viti vichache kando. Wapiganaji walikimbilia mikuki vifua wazi, kana kwamba wanakwenda kuogelea. Asimina aliwangoja wa Platea. Waajemi walikimbilia merikebu zao, majina ya watengenezaji yakaanza kupanda kwenye skrini, na wa Platea hawakutokea. Jina la Stathis lilipita, kubwa na safi.

Nyuma yake Mihalis, mwanafunzi mwenzake, alimgusa bega. "Vipi dada, babu zako walikosa basi?"

Watu wakacheka. Asimina aligeuka kumtafuta Stathis, akamkuta anatazama viatu vyake.

Waliporudi nyumbani, Stathis alieleza kwamba wenye filamu waliona majeshi mawili rafiki yangewachanganya watazamaji. Alisema aliwabishia kidogo, kisha akanyamaza.

"Ulijua lini, baba?" Asimina aliuliza.

"Majira ya baridi."

Kumbe siku ile ya mshumaa alikwisha kujua. Asimina aliingia chumbani bila kumuaga.

Kesho yake aliwaandikia wenye filamu barua. Alisema wanaume elfu kumi wa Platea walipigana, na Waathene walijificha nyuma yao. Garifalia aliisoma, akavua miwani.

"Hao elfu kumi umewatoa wapi?"

"Nataka washtuke, bibi. Elfu moja ni wachache."

"Ni wachache, na walikwenda. Wenye filamu wamewafuta watu ili hadithi ipendeze. Wewe umewaongeza ili hadithi iume. Sasa mna tofauti gani? Ukidai ukweli, mjukuu wangu, uuseme na wewe, hata kama ukweli huo ni mdogo kuliko unavyotaka."

Asimina aliandika upya: watu elfu moja, kama wanavyosimulia wa kale, na ombi kwamba watajwe mwanzoni mwa filamu. Stathis alipokuja, aliisoma akiwa amesimama. Aliomba kalamu, akaongeza chini kwamba alijua na alinyamaza, na kwamba kama hawatawataja wa Platea, jina lake nalo liondolewe.

"Hawatakuita tena," Garifalia alimwambia.

"Najua, mama. Shule ikifunguliwa nitaisoma mbele ya darasa la Asimina."

Asimina hakuwa amemsamehe bado. Hata hivyo alimpa stempu aibandike. Yeye mwenyewe aliilamba bahasha, akaibana kwa kiganja, wakaenda wote watatu kuitia kwenye sanduku la posta.