Kovu Alilolifuta Gisubizo

Ndugu zangu wa Majengo, na ninyi wa Himbi mnaotupita huku vioo vya gari vimefungwa, tulieni kidogo. Nina habari ya nyumba moja ya kuwaeleza. Haina mwizi ndani yake, wala mlevi, wala mtu wa bunduki. Ina kijana mwenye akili, kompyuta, na picha moja tu ya mama yake. Hivyo vitatu vilitosha kuiumiza.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi nyumba ilikuwa imetulia. Papa Ndayambaje, seremala, alikuwa uani akipiga randa mbao nyekundu ya libuyu, na maranda yalikuwa yakiangukia juu ya mawe meusi ya volkano ambayo sisi wote tumejengea juu yake. Alikuwa akitengeneza fremu. Hakuwa akiitengeneza kwa ajili ya mteja. Mke wake, Nyiramahirwe, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na sasa siku ya kutoa matanga ilikuwa inakaribia. Jamaa wangetoka Rutshuru, misa ingesomwa, watu wangekula, halafu picha ya marehemu ingetundikwa sebuleni ikae hapo daima. Muzee alitaka fremu kubwa, pana kama sinia la harusi.

Mwanawe Gisubizo alikuwa ameketi mlangoni na kompyuta mapajani. Kompyuta hiyo aliachiwa na rafiki aliyehamia Bukavu, na ndani yake mlikuwa na programu ya kurekebisha picha. Gisubizo alijifunza kuitumia kwa kutazama video kwenye simu. Kwa muda mfupi alijua kung'arisha, kukata, kuondoa mtu huku na kumweka kule. Vijana wa mtaa walimpa jina: Dokta.

"Dokta, niondolee chunusi!"

"Dokta, mimi uniweke mbele ya gari. Lakini gari ya maana, siyo kama ile uliweka nyuma ya Constant. Ile ilikuwa na matairi tatu!"

Walicheka, naye akacheka, na kila uso uliopita mikononi mwake ulitoka mweupe kuliko ulivyoingia. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo kwa sauti. Hakuna aliyelalamika pia. Hapo ndipo ninapowauliza, wasomaji wangu: ni nani aliyetufundisha kwamba uso uliorekebishwa ni lazima uwe mweupe kuliko uso tuliozaliwa nao? Mimi sijapata jibu, na hasira yangu haijaisha.

Kabla ya kuitwa Dokta, Gisubizo alikuwa amekwenda mara moja kujifunza kwa mwalimu wa kweli. Huyo ni Madame Gisèle, mwanamke wa upande wa Bukavu mwenye studio ndogo kule Himbi, anayepokea wanafunzi wanaoanza. Siku ya kwanza aliwapa picha ya soko, akawaamuru kufanya mambo mawili tu. La kwanza, kutengeneza nakala ya picha, kuiita jina lingine, na kuiweka ile ya asili mahali ambapo mkono haufiki. La pili, kuitazama ile nakala bila kugusa chochote, mpaka kila mmoja aweze kueleza kilichomo.

Gisubizo alitazama kidogo, kisha akainua mkono.

"Madame, nilikuja kujifunza kurekebisha. Kuangalia, ninajua tangu nizaliwe."

Wenzake waliangua kicheko. Gisèle hakukasirika. "Weye uko na haraka, Gisubizo. Picha haina miguu, haitakimbia. Kopia kwanza. Halafu uniambie: yule mama mwenye kuuza makala ya kupikia, ameshika nini mukono wa kushoto?"

Gisubizo hakujua. Alijibu kwamba mambo hayo ni ya watoto wa shule ya primaire, akachukua mfuko wake, hakurudi tena.

Sasa, Jumamosi hiyo, dada yake mkubwa Laurence, ambaye yeye humwita Yaya, alitoka jikoni akiwa na simu. Humo ndimo ilimokuwa picha ya mama. Hawakuwa na nyingine. Zile za zamani, za arusi na za ubatizo, ziliungua pamoja na nyumba yao ya kwanza mwaka ule moto wa mlima wa volkano uliposhuka mjini. Baada ya hapo mama hakupenda kupigwa picha. "Picha ni ya bibi wa Himbi," alizoea kusema, akifunika paji la uso kwa mkono. Hii moja Laurence aliipiga kwa ujanja, mama akichagua maharagwe karibu na moto, akicheka, moshi nyuma yake.

"Utaifanya ipendeze tu kidogo," Laurence alisema. "Usiichezee, Gisu. Ni hii moja tuko nayo."

"Yaya, uniamini. Hata Papa atashangaa."

Akatoa kadi ya kumbukumbu kwenye simu, akaichomeka kwenye kompyuta, akafungua picha moja kwa moja. Hakutengeneza nakala. Nakala ya nini, kwa mtu anayeitwa Dokta?

Na niseme ukweli, alifanya kazi ile kwa upendo. Aliona moshi, akauondoa. Aliona ukuta wa mbao uliopigwa masizi, akauondoa, akaweka nyumba ya ghorofa yenye maua, na ziwa likimetameta nyuma. Aliziba pengo la jino. Alilainisha mikunjo. Aling'arisha ngozi, mara moja, kisha mara nyingine. Mwisho akafika kwenye lile kovu lililokata paji la uso hadi kwenye nyusi, kovu nene, baya, lililomfanya mama kujifunika kwa mkono miaka yote ambayo Gisubizo alimjua. Alikumbuka alivyomwuliza akiwa mdogo, naye akamjibu, "Nilianguka tu." Gisubizo alipitisha brashi juu ya kovu polepole, kama mtu anayepaka dawa. Likayeyuka.

"Pumzika sasa, Mama," alinong'ona. "Hautafunika tena."

Akabonyeza neno la kuhifadhi. Programu ikamwuliza kama anataka picha hii mpya ifunike ile ya zamani. Alibonyeza oui, yaani ndiyo, bila kusoma mpaka mwisho, kama alivyozoea. Kisha akarudisha kadi kwenye simu, akaenda mjini kuchapisha picha kubwa, na akairudisha nyumbani imefunikwa kitambaa, akikataza mtu yeyote kuitazama kabla ya siku yenyewe.

Siku ikafika. Watu walijaa uani, wanawake wamevaa kitambaa cha kikwembe cha namna moja, masufuria yakichemka. Baada ya misa, Papa Ndayambaje mwenyewe alivuta kitambaa.

Watu wakakodoa macho. Gisubizo alidhani ni mshangao mwema. Alinyoosha mabega.

Wa kwanza kusema alikuwa mwanamke mzee wa shirika lao la kanisa, aliyesali na marehemu kila Jumatano. Alikaribia, akakunja macho, akatabasamu. Kisha akamgeukia kijana na kumshika mkono.

"Mutoto wangu, hongera! Kumbe umeshapata muke? Ni muzuri. Sasa picha ya Mama yako mutaiweka saa ngapi?"

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine alijitia kuhangaika na sahani.

"Ni Mama huyu," alisema Gisubizo.

"Nani?"

"Mama. Ni Mama Nyiramahirwe."

Mzee wa watu alitazama tena, na tabasamu likamtoka. "Aa," alisema. "Basi macho yangu yameshazeeka." Akarudi kuketi. Hakika macho yake hayakuwa na kosa lolote, na kila mtu pale alijua.

Papa Ndayambaje alisogea karibu na picha. Aliweka kidole juu ya kioo, akakipitisha kwenye paji la uso, huku na huku, kama fundi anayetafuta mahali mbao ilipoungwa. Hakupata kitu. Akaufunika uso ule kwa kitambaa, akawakaribisha watu chakula.

Wageni walipoondoka, jua likiwa bado juu ya ziwa, alimwita mwanawe kwenye karakana.

"Kovu umelipeleka wapi?"

"Nililisafisha, Papa. Alikuwa analionea haya."

"Hakulionea haya. Alikuwa analificha kwa ajili yako weye."

Gisubizo hakuelewa. Muzee aliketi juu ya gogo, akatazama mikono yake.

"Siku ile mulima ulishuka, tulikimbia. Mimi nilimubeba Laurence, nilikuwa mbele. Mama yako alikubeba mugongoni, ungali wa maziwa. Kitambaa kikaanza kufunguka. Akatupa mikono yote miwili nyuma, akushike. Hapo hapo akajikwaa. Mutu akianguka anaweka mikono chini. Yeye hakuweka. Mikono ilikuwa kwako. Alianguka na uso juu ya mawe."

"Aliniambia alianguka tu."

"Alinikataza kukuambia. Alisema mutoto asikue akijiona na deni. Lile kovu, Gisubizo, ni weye."

Kijana alitoka mbio, akamkuta dada yake na simu mkononi tayari, machozi yakimtoka. Laurence alikuwa amefungua picha kwenye simu. Mwanamke mweupe wa Himbi alikuwa akimtazama kutoka mle pia, na maua yake, na ziwa lake.

"Yetu iko wapi?" Laurence aliuliza.

"Ndiyo... ndiyo hiyo."

"Hapana. Yetu, Gisu. Iko wapi?"

Walitafuta kwenye kompyuta, walitafuta kwenye kadi, hakuna. Niwaambieni, mama yao alifariki mara moja mwaka uliopita, na siku hiyo watoto wake walimlilia upya, kwa sababu sasa hata uso wake hawakuwa nao.

Kulikuwa na mtu aliyekuwa akiosha sahani akisikiliza. Ni Mukabalisa, mdogo wake marehemu, aliyezaliwa Vitshumbi kama yeye, na ambaye kwa sasa anauza samaki wa kukaushwa hapo Majengo. Simu yake ilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, na familia nzima ilimcheka kwa ajili yake, maana ilikuwa imejaa mpaka haipokei tena kitu. Gisubizo mwenyewe alikuwa amejitolea mara nyingi kuisafisha.

Alikausha mikono kwenye kikwembe chake.

"Laurence, siku ile ulimupiga picha kwa ujanja, si ulinitumia? Tulimucheka sana."

"Mama mudogo, ni zamani ile. Utakuwa umeshafuta."

"Kufuta? Mimi nijuwe wapi kufuta? Kila kitu kingali humu. Hata salamu za Noeli za watu ambao siwajui."

Walikaa chini wote watatu, wakapita katikati ya samaki, misalaba, maua na watoto wa watu, wakishuka, wakishuka, mpaka Laurence akapiga kelele. Alikuwa pale. Picha ilikuwa ndogo, imepunguzwa na safari ya kutoka simu hadi simu, yenye ukungu kidogo. Lakini moshi ulikuwepo. Pengo la jino lilikuwepo. Na juu ya nyusi, kovu.

"Huyu sasa ni dada yangu," alisema Mukabalisa, akaanza kucheka na kulia pamoja. "Yule mwingine mungemutafutia bwana."

Jumatatu Gisubizo alishuka Himbi, akabisha kwenye studio ya Madame Gisèle. Wanafunzi wapya walikuwa wameketi mbele ya picha ya soko.

"Dokta mwenyewe!" alisema Gisèle. "Umekuja kutufundisha?"

"Nimekuja kuanza, Madame."

Akamweleza yote. Gisèle hakumcheka. Alimvutia kiti.

"Utafanya nini kwanza?"

"Nakopia. Ile ya asili naiweka mbali."

"Halafu?"

"Naangalia."

Akaifungua ile picha ndogo ya mama yake iliyotoka kwenye simu ya Mukabalisa, akaitazama. Ndipo alipoona kitu ambacho siku zote hakuwahi kukiona: mama alikuwa ameshika maharagwe kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa hewani, umeanza kupanda kwenda kwenye paji la uso, lakini kicheko kiliuwahi, ukasahau kufika. Gisubizo aliweka panya ya kompyuta pembeni.

"Unataka nikuonyeshe jinsi ya kuikuza?" Gisèle aliuliza. "Programu itajaribu kujaza yenye kukosekana."

"Itajaza na nini?"

"Na kubahatisha."

"Basi tuichapishe vile iko."

Ilitoka ndogo kama kiganja. Papa Ndayambaje aliitazama, akaitazama fremu yake pana, na hakuikata fremu. Alichukua ubao mwembamba, akaufunika kwa kikwembe cha marehemu, akabandika picha katikati, akautia ndani ya fremu. Hivyo ndivyo ilivyotundikwa, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Yule mama mzee wa shirika la kanisa alipokuja tena, alisimama mlangoni akasema, "Nyiramahirwe, yambo," kabla hata hajavua viatu.

MAFUNZO

Enyi vijana mnaoanza kazi ya picha, somo la kwanza si la watoto. Tengenezeni nakala kabla ya kugusa. Picha ya asili ikifunikwa hairudi, na si kila familia ina Mukabalisa asiyejua kufuta. Tazameni kabla ya kurekebisha, na mkiona alama usoni pa mtu, ulizeni kwanza alama hiyo imetoka wapi.

Enyi wazazi, msiwafiche watoto historia ya makovu yenu. Mtoto asiyeijua atalifuta kovu kwa mkono wa upendo.

Na sisi sote wa mji huu wa mawe meusi, tuache kuona aibu ya nyuso zetu. Moto wa mlima ulituunguzia nyumba na picha, ukatuachia nyuso. Tusizifute sisi wenyewe.

Ukipita nyumbani kwa Papa Ndayambaje, ingia usalimie. Picha ni ndogo. Itakubidi usogee karibu.