Mayai Kumi na Moja ya Kobe wa Maji

Kila alasiri, baada ya kuvua sare za shule, Kidoti alikwenda moja kwa moja ua wa nyuma, akachomoa kizibo cha hodhi kuukuu la kuogea na kuyaacha maji machafu yatiririke hadi mferejini. Hodhi hilo lilikuwa la mjomba wake, fundi bomba. Wenye nyumba fulani walilitupa kwa sababu lilikuwa na ufa. Mjomba akauziba, akapanga mawe upande mmoja, na humo akafuga kobe wa maji watatu, dume mmoja na majike wawili. Jirani alimtania kwamba fundi bomba hapumziki na maji hata akiwa kwake. Mjomba alimjibu kuwa maji ya wateja humpigia kelele, bali ya kobe humbembeleza.

Kidoti, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya alama nyeusi juu ya mdomo wake, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na miwili kati ya hiyo alikuwa mkono wa kulia wa mjomba. Wakati wa baridi, kobe walipozubaa na kukataa chakula, hakuhangaika. Alikwisha kufundishwa kwamba mwili wa kobe hupoa pamoja na maji, na kwamba chakula cha kulazimishwa humuozea tumboni. Joto liliporudi, aliwakatia mboga za majani na vipande vya samaki, kisha akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kwa maana kobe hubeba vijidudu visivyoonekana. Mambo hayo yote aliyajua, na alipenda watu wajue kuwa anayajua.

Kisha akaja Kimya.

Kimya alikuwa binti wa mama mdogo wa Kidoti. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na maneno yake kwa siku nzima yangeweza kuhesabiwa kwa vidole. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya mbali kwa matibabu marefu, ndiyo maana akaletwa kukaa nao. Kidoti alimpa nusu ya kitanda na nusu ya kabati bila kinyongo. Hakujua kwamba ataombwa kugawana naye hata mjomba.

Joto lilipopamba moto, jike mkubwa alipanda kwenye sanduku la mchanga kando ya hodhi, akachimba kwa miguu ya nyuma na kutaga. Mjomba aliufukua mchanga taratibu kwa kijiko. Kabla ya kuliinua kila yai, alilichora msalaba mdogo wa penseli upande wa juu. Yalikuwa kumi na moja. Aliyapanga ndani ya boksi lenye mfuniko na mchanga wenye unyevu, akatia kipimajoto, na kuliweka boksi kwenye rafu katika stoo ya mabomba. Mwaka uliotangulia mayai yote yalikuwa mabovu; safari hii dume alikuwa amekomaa, na mjomba alikuwa na matumaini makubwa.

Kidoti alikwisha kunyoosha mikono kulipokea jukumu lake.

"Kimya," mjomba akasema, "boksi hili ni lako. Utasoma kipimajoto asubuhi na jioni, na mchanga ukikauka utaunyunyizia maji kidogo."

Mikono ya Kidoti ilishuka yenyewe. Usiku ule hakula akashiba. Siku zilizofuata kila kitu cha Kimya kilimchoma: jinsi alivyonyata kwenda stoo, jinsi alivyoandika namba zake kwenye daftari kwa mwandiko wa mviringo, jinsi mjomba alivyomwita "daktari wa mayai" naye akatabasamu. Mama alipomuuliza Kidoti kwa nini amenuna, alijibu kuwa jino linamuuma. Mama akampa maji ya chumvi ya kusukutua, naye akasukutua, wivu ukabaki palepale.

Siku ya kumi, Kimya alimfuata akiwa anasugua mawe ya hodhi.

"Dada," akasema, "nyumbani kwetu kuku hugeuza mayai yake kila siku. Asipoyageuza, kifaranga hugandia upande mmoja. Haya nayo hugeuzwa?"

Kidoti alilijua jibu kama anavyolijua jina lake. Yai la kobe haligeuzwi. Kiini cha uhai hujishika upande wa juu wa gamba. Ukiligeuza, waweza kukiua. Ndiyo sababu ya ule msalaba. Mjomba alimweleza hayo mwaka jana, na bila shaka aliona jambo hilo ni wazi mno hata akasahau kumwambia Kimya.

"Kwani haya si mayai?" Kidoti akasema, akaendelea kusugua.

Alijiambia kuwa hakusema uongo. Ameuliza swali tu, na swali si uongo. Alijiambia hivyo hadi wakati wa kulala, na kesho yake darasani akajiambia tena, lakini kila mara maneno hayo yalizidi kuwa mepesi, kama nguo iliyofuliwa mno. Kipindi cha mwisho kilipokwisha, alirudi nyumbani mbio.

Alichelewa. Mjomba alikuwa amemaliza kazi mapema, na boksi lilikuwa wazi mbele yake. Mayai matano hayakuonyesha msalaba. Kimya alisimama karibu na mlango, ameukunja mkono wa gauni lake ndani ya kiganja.

"Nani ameyageuza?" mjomba akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi," akasema Kimya. Hakumtazama Kidoti.

Mjomba alishusha pumzi ndefu. Kwa ncha za vidole aliyarudisha mayai yale matano, moja baada ya jingine, misalaba ikaangalia juu. Alisema kuwa hana hasira, ila kazi hii haitaki kubahatisha. Kisha akageuka.

"Kidoti, kuanzia leo boksi ni lako."

Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja siku kumi na moja. Sasa yalimfikia, na yalikuwa mazito kuliko boksi lenyewe. Angeweza kulipokea. Kimya asingesema, jina lake lilikuwa ushahidi.

"Silistahili, Mjomba," Kidoti akasema. "Aliniuliza kama hugeuzwa. Nilijua, nikamwacha aamini kuwa ndiyo. Nilitaka akosee."

Tone la maji lilianguka kutoka bomba moja ukutani, bomba ambalo fundi mwenyewe hakuwahi kupata nafasi ya kulitengeneza.

"Mimi nami nina kosa," mjomba akasema hatimaye. "Sikumweleza kila kitu. Lakini kosa langu ni la kusahau, lako ni la kukumbuka." Akamrudishia Kimya boksi. Akamwomba Kidoti amsimulie mwenzake, pale pale, kila alichojua kuhusu mayai ya kobe, asiache hata punje. Kidoti alisimulia kwa karibu nusu saa, na alipofika kwenye habari ya kugeuza, aliomba radhi kwanza. Kimya alisikiliza, kisha akauliza kama yale matano yatakufa. Kisha akalifunika boksi na kulirudisha rafuni mwenyewe.

Walingoja zaidi ya miezi miwili, na mvua za kwanza zikaanza. Mayai manane yalipasuka, mawili kati yake yakiwa ya yale yaliyogeuzwa. Vitoto vilikuwa vidogo kama sarafu, kila kimoja kikivuta mkia mwembamba. Matatu yalibaki kimya. Mjomba alilifungua moja, akawaonyesha kobe mdogo aliyekamilika nusu, akalifunika kwa mchanga.

Kidoti alilia. Mjomba hakumkataza, wala hakumwambia kuwa si neno.

"Hukuniuliza kwa nini nilimpa Kimya boksi," akasema. "Mama yake yuko hospitali, na siku zake zote zilikuwa za kungoja habari mbaya. Nilitaka awe na kitu kizuri cha kungojea. Ungeniuliza, ningekwambia, na najua ungekubali, kwa sababu nakujua. Wivu, mpwa wangu, si dhambi ukikujia. Hutujia sote, hata mimi fundi mwenzangu akipata kazi kubwa. Ukija, uuseme kwa mtu unayemwamini ungali mdogo. Ukiufuga, wivu huo utakula chakula chako na cha wengine. Na mtu akikuuliza unachokijua, mpe jibu lote. Ukweli uliokatwa nusu huua kama uongo mzima."

Mama aliita kutoka jikoni kuwa daktari amepiga simu: mama yake Kimya ataruhusiwa wiki ijayo. Kimya alipiga kelele ya furaha, ya kwanza waliyowahi kuisikia kwake, akamshika Kidoti shingoni. Kidoti naye akamkumbatia, kisha akamwambia wakanawe mikono kwa sabuni kwanza, hadi kwenye viwiko.