Kompyuta Iliyosingiziwa Uzee

Kila asubuhi Mama aliwasha kompyuta kwanza, ndipo akaoga, akapiga pasi sare yake ya uuguzi na kunywa chai. Akirudi sebuleni, kompyuta bado inapiga miayo. Nyumbani waliiita Mzee.

"Huyu Mzee ataamka lini?" Mama aliuliza.

"Ni uzee tu, Mama," alijibu binti yake wa miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulimwita Chapchap kwa wepesi wake wa kila kitu, uongo ukiwemo.

Maana Chapchap alijua jambo ambalo Mama hakulijua. Wakati wa likizo aliijaza kompyuta michezo kumi na minne. Kila mchezo ulipouliza kama ujifungue wenyewe kompyuta ikiwashwa, yeye alibonyeza "ndiyo" bila kusoma. Mama alikuwa amemkataza kuweka chochote humo bila ruhusa, kwa hiyo akafyata mdomo.

Mama alikuwa akisomea ukunga kwa mtandao. Jumamosi iliyopita, umeme ulikatika na kurudi dakika chache kabla ya mtihani. Mzee alipomaliza kuamka, muda wa kuingia ulikuwa umepita. Chuo kilimpa nafasi moja ya mwisho, Jumamosi hii.

Ijumaa jioni Mama alimwita shangazi yake Chapchap, fundi wa kompyuta.

"Wifi, niambie ukweli. Kama mashine imechoka, bora niyaache masomo mapema. Nitabaki muuguzi, si vibaya." Alisema akicheka, lakini machozi yalimlengalenga.

Chapchap aliyaona machozi hayo, moyo ukamuuma.

"Mama, haijachoka. Nilikudanganya. Nimeweka michezo kumi na minne, na yote hujifungua yenyewe."

"Wewe mtoto! Yaani nimekosa mtihani kwa sababu ya michezo?"

"Nisamehe, Mama."

Shangazi alivuta kiti. "Njoo hapa. Watu kumi na wanne wakisukumana mlangoni kwa pamoja, nani atapita upesi?" Akamwonyesha orodha ya programu zinazojifungua zenyewe. Chapchap alizizuia moja moja, kisha akaifuta michezo yote, hata ule alioupenda kuliko yote. Wakaiwasha upya. Akahesabu kwa sauti, na alipofika arobaini kompyuta ilikuwa tayari.

"Kumbe!" Mama akashangaa.

Kesho yake, dakika tano kabla ya mtihani, umeme ulikatika tena, ukarudi. Mama alishika kichwa. Chapchap alikimbilia kitufe, akaanza kuhesabu. Hakupita arobaini, kompyuta ikawa tayari. Mama aliketi, akaingia kwenye mtihani kwa wakati.

Saa sita mchana aliinuka akinyoosha mgongo.

"Maswali yote nimejibu," alisema, akamvuta Chapchap karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea hata mimi hukosea. Lakini kosa lililofichwa halina fundi. Ungesema mapema, lingetengenezwa kwa jioni moja kama jana. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yako iliishia kwenye mtihani wangu."

"Sitarudia, Mama."

"Najua. Na vyombo utaosha wiki mbili, chapchap."

Chapchap alicheka, akaelekea jikoni.

"Halafu," Mama akamwita, akiipangusa kompyuta vumbi, "huyu tusimwite tena Mzee. Tumemsingizia vya kutosha."